Kamba Iliyofungwa Ikatike

Ghala lililo nyuma ya soko la Kilwa Masoko limenyamaza. Samia, anayekaanga vitumbua mlango wa pili, bado anazungumza na wateja wake kwa sauti ya mtu anayeshindana na mashine, na wateja wanamjibu vivyo hivyo, kisha wote wanakumbuka kwamba mashine haipo. Zamani kila asubuhi pampu ya upepo ilikuwa ikinguruma mle ndani hadi mabati yakatetemeka. Sasa unasikia mafuta yakichemka kwenye karai, na kuku wakiparua sakafu ya saruji ambayo bado ina vumbi jeupe la poda kwenye pembe zake.

Mlio ule ulikuwa wa Kidawa binti Mfaume, fundi wa vyelezo vya meli.

Chelezo ni boti la mpira lililokunjwa likashindiliwa ndani ya pipa jeupe la plastiki ngumu. Msafiri hulipita pipa hilo kwenye sitaha akidhani ni tangi la maji. Meli ikizama, pipa hufunguka, boti hujaa gesi lenyewe, na watu hupanda. Kila mwaka mapipa hayo hushushwa na kufunguliwa, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umelala, na hakuna baharia anayeweza kujua hali yake kwa kulitazama pipa kwa nje.

Kidawa aliyafungua. Alilikunjua boti sakafuni kama mtu anayetandaza khanga ya harusi, akalijaza upepo, akalipaka maji ya sabuni kwenye kila mshono na kungoja mapovu. Mahali ambapo sabuni haikusema kitu lakini moyo wake haukutulia, aliinama na kuweka shavu. Alisema ngozi ya shavu inasikia pumzi ambayo sikio haliisikii. Aliipima chupa ya gesi kwenye mizani, akabadilisha betri za taa, fataki za ishara, maji ya kunywa na biskuti. Biskuti zilizopita muda aliwapa mbuzi wa Samia, ambao ndio viumbe pekee pwani yote waliozipenda. Halafu akalikunja boti upya, mkunjo juu ya mkunjo, kwa mpangilio usiobadilika, akipaka poda kila mahali mpira ulipogusana na mpira. Akimaliza alikuwa mweupe hadi kwenye kope.

"Umekufa lini?" Samia alimuuliza kila siku, akimletea chai.

"Jana. Nimerudi kufuata vitumbua."

Alizaliwa Mchinga. Baba yake aliondoka mapema kutafuta maisha na hakurudi, na aliyemlea ni Mudathiri, kaka wa mama yake, baharia. Mjomba huyo hakuwa na maneno mengi. Alichokuwa nacho ni kamba. Wakati huo bado walikuwa wakisokota kamba za makumbi ya nazi yaliyolowekwa kwenye tope la pwani, na harufu ya makumbi hayo ndiyo harufu ya utoto wa Kidawa. Alijua kufunga fundo la kuvutia mzigo kabla hajajua kusuka nywele. Mudathiri alimfundisha kwa kufunga, kumpa afungue, na kufunga tena, na alikuwa na alama yake: mkia wa kamba aliuchomeka chini, akaurudisha juu, akauchomeka tena, kisha akaulaza kama mtu anayemfunika mtoto. Hakuna mwingine aliyemaliza hivyo.

Katika ukoo wao kulikuwa na jambo moja la heshima. Fundo lililofungwa na mtu mzima aliye hai hufunguliwa na yeye mwenyewe, au mwingine akiruhusiwa. Kulikata kwa kisu mbele yake ni kumwambia kwamba mikono yake imekwisha. Kidawa aliwahi kumwona mwanamume mwenye ndevu akilia ufukweni kwa sababu mwanawe alikuwa amelikata fundo lake.

Alisomea ufundi Lindi mjini, akaajiriwa Dar es Salaam na kampuni ya vyelezo, kwanza kwa kubandika viraka, baadaye kwa kila kitu. Alimsihi mwajiri wake miaka mingi afungue tawi Kilwa, karibu na meli zinazovuka kwenda Songo Songo kwenye mitambo ya gesi. Mwajiri alipokubali, Kidawa alirudi kusini na pampu yake kwenye fuso, akiimba njia nzima.

Meli ya kwanza aliyopanda kukagua ilikuwa *Mnazi Mrefu*, meli ya mizigo inayopeleka saruji, mafuta, vyakula na wafanyakazi kisiwani. Serahangi wake, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, alikuwa Mudathiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutupima presha?"

"Nimekuja kupima mapipa."

"Hayo mazima. Tangu yafungwe hayajacheza."

Kidawa alikwenda hadi ubavuni mwa meli, pipa lilipolala kwenye kitako chake cha chuma, na hapo ndipo furaha ya asubuhi ile ilipomwishia miguuni.

Pipa la chelezo hushikwa na mkanda mmoja, na mkanda huo hupita kwenye kifaa kidogo cha mviringo, ukubwa wa kikombe cha kahawa, kiitwacho kifyatuo. Ndani yake mna kisu. Meli ikienda chini, uzito wa maji hukifyatua kisu, mkanda hukatika, na pipa huelea lenyewe hata kama hakuna mtu aliyewahi kulifungua. Kamba ndefu inayotoka ndani ya pipa hubaki imeshikamana na meli. Meli inavyozidi kuzama, kamba hiyo hunyooka, huvuta chupa ya gesi, na boti hujaa. Mwisho kabisa wa kamba kuna kipande chekundu, chembamba, ambacho hata mtoto angekidharau. Hicho kimetengenezwa kikatike, ili meli isiondoke na boti.

Juu ya pipa la *Mnazi Mrefu* ilikuwapo kamba nyingine, nene kama kifundo cha mkono, imelizunguka pipa na kitako pamoja. Kipande chekundu kilikuwa kimerukwa: kamba ya boti ilifungwa moja kwa moja kwenye pete ya chuma ya sitaha. Pipa hilo lisingetoka hata meli ikilala chini ya bahari miaka mia. Na mwisho wa fundo, mkia ulikuwa umechomekwa, ukarudishwa, ukachomekwa tena, ukalazwa.

Hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza, na aliuliza mbele ya watu. "Nani kafunga hii?"

Mabaharia walitazamana. Mmoja wao, Sadick, kijana mwenye mdomo usiolala, akasema, "Unamuuliza nani? Kwenye meli hii hata chai inafungwa na mzee."

"Nimefunga mimi," alisema Mudathiri. "Wakati wa upepo wa kusi mawimbi yanapanda hapa. Ule mkanda wao mwembamba, na kile kikamba chekundu, nilipokiona nilicheka. Tangu niwe serahangi halijaanguka baharini hata dumu. Sembuse pipa la kuokolea watu."

"Mjomba, hili halitakiwi kushikwa hivyo."

"Unataka lidondoke?"

"Nataka liweze kutoka."

"Likitoka tukiwa safarini, tutaokolewa na nini?"

Kapteni Benjamini, nahodha, alikuwa ameshuka ngazi akiwa na kikombe mkononi. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mpole, aliyeogopa kitu kimoja tu, kuchelewa. "Fundi, kesho nina wafanyakazi wa zamu wa kuvusha. Bila wewe kuridhika siondoki. Kisu unacho, kata, tuendelee."

Kisu kilikuwa kiunoni kweli. Kidawa alimwona kila mtu akikitazama. Mjomba wake hakukitazama. Alikuwa anatazama maji.

Hapo ndipo mambo yote yalipokusanyika. Akiacha fundo lile, mtu aliyemlea angevuka kesho, na kesho kutwa, na siku zote, akiwa na chelezo kilichofungwa kwenye jeneza. Akilikata, angeokoa maisha yake na kumpoteza hapo hapo. Alitaka fundo lifunguliwe, na alitaka mjomba alifungue mwenyewe.

"Sikati," alisema. "Kapteni, nipe winchi yako alasiri, maji yakijaa. Karakanani nina chelezo kilichomaliza umri, nilitaka nikitupe. Tukizamishe hapa gatini. Kwanza kwa kamba ya mjomba, halafu kwa mkanda wangu. Tuone."

Mudathiri aligeuka. Kwa mara ya kwanza alionyesha meno. "Na langu likitoka?"

"Nitakuja nyumbani kukupikia ugali wa muhogo mwezi mzima."

"Huyu ugali wake unaujua?" Sadick alimuuliza mwenzake. "Bora tuzame."

Habari katika Kilwa Masoko haihitaji miguu. Alasiri ilipofika, gati lilikuwa limejaa, nami nikiwamo. Wauza samaki waliacha meza, walimu walitoka shule na chaki mikononi, na Samia alikuja na karai lake zima la vitumbua akauza vyote kabla hakijatokea chochote. Pipa kuukuu lilikuwa limewekwa juu ya kitako cha chuma chenye minyororo ya nanga kuukuu, likining'inia kwenye waya wa winchi. Kidawa aliifupisha kamba ya ndani ili iendane na kina cha gati.

Mudathiri alifunga. Hakuharakisha. Aliizungusha ile kamba nene, akaibana kwa goti, akachomeka mkia, akaurudisha, akauchomeka, akaulaza. Watu wakapiga makofi, na kwa haki. Lilikuwa fundo zuri sana.

"Teremsha," alisema Kapteni.

Chuma kiligusa maji, kikazama. Pipa jeupe likawa la kijani, likawa kivuli, likapotea. Mapovu yakaja, yakaisha. Umati ulisogea ukingoni. Tulikuwa tumebanana. Chini kabisa ulisikika mlio mdogo, tik, kama mtu aliyevunja kijiti.

"Kimefyatuka," Kidawa alinong'ona.

Tukangoja. Maji yalibaki kama yalivyokuwa.

"Limelala," Sadick alisema, lakini hata yeye sauti haikufika mbali.

Aliyetoa amri alikuwa Mudathiri. "Lipandisheni."

Lilipanda likitiririka maji. Mkanda ulikuwa umekatwa na kifyatuo, safi kabisa, ncha mbili zikining'inia. Pipa lilikuwa palepale, limekumbatiwa na ile kamba nene, na fundo halikuwa limelegea hata kidogo. Mzee alilisogelea akalishika, kwanza ncha zilizokatika, halafu fundo lake. Alilibonyeza kwa kidole gumba. Kidawa alisimama nyuma yake bila kusema neno, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku ile.

Kisha Mudathiri akaanza kufungua. Akaufukua mkia kutoka ulipolala, akautoa, akaurudisha njia aliyouleta. Kamba ikaanguka chini.

"Haya," alisema. "Na wewe funga, nione."

Kidawa aliweka kifyatuo kipya, akapitisha mkanda, akaunganisha kipande chekundu. Mjomba aliinama hadi pua yake ikakaribia.

"Hiki ndicho kilinichekesha."

"Hiki kinakatika mwisho. Mkiwa mmeshapanda, meli ikiendelea kwenda chini, hiki kinakatika isiwavute."

"Yaani unakifunga ili kikatike."

"Ndiyo, mjomba."

"Umri wangu wote nafunga kisikatike," alisema Mudathiri. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Chuma kikashuka mara ya pili. Kijani, kivuli, hakuna. Mapovu. Tik.

Halafu pipa likaruka. Lilitoka majini kama dumu tupu lililokandamizwa chini na kuachiwa, likapiga tumbo juu ya maji, likayumba. Kelele iliyopanda gatini iliwafukuza kunguru waliokuwa juu ya paa la forodha. Kapteni akazidi kuteremsha waya, kamba ikatoka ndani ya pipa, ikatoka, ikanyooka, ikasimama. Mlipuko mmoja. Vipande viwili vya plastiki vikaruka huku na huku, na katikati yake rangi ya machungwa ikafumuka, ikivuma, ikijikunjua, ikitupa huku bega na huku goti, kama kitu kilichokuwa kikilia kitoke tangu kilipowekwa. Watu walikimbia nyuma, wakarudi mbele, wakakimbia nyuma tena. Samia alikuwa amemkumbatia mwalimu mkuu, na hakuna aliyejali.

Kisha vumbi la poda likatulia, na tukaona kwamba boti limejaa kichwa chini.

Umati ukaguna. "Sasa hapo mtakaa mgongoni kama juu ya kobe?" Sadick aliuliza.

"Hutokea," alisema Kidawa, akivua viatu. "Mtu anaingia analigeuza. Kuna ukanda chini yake—"

Hakumaliza. Mudathiri alikuwa amempa Samia kofia yake, akaruka.

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alizama kama jiwe, akaibuka akipumua kwa kishindo. Kidawa alikimbia ukingoni. "Upande wa chupa, mjomba. Simama juu ya chupa. Uso kwenye upepo. Sasa shika ukanda, lala nyuma. Lala kama kitandani."

Alilala nyuma. Boti lilisita. Ukingo wa mbali ukainuka kidogo, upepo ukauona, ukaingia chini yake, na boti zima likasimama wima dhidi ya mbingu, likampindukia.

Likamfunika. Lilikaa sawasawa juu ya maji, hema lake likasimama vizuri, na mzee hakuwapo.

Kidawa alikuwa tayari hewani mzee alipoibuka. Aliibuka kwa mgongo, upande wa pili, akitema maji na kucheka. Sikuwa nimewahi kumsikia Mudathiri akicheka kabla ya hapo. Lilikuwa cheko jembamba, la kushangaza, la mtu mdogo zaidi. Kidawa alianguka majini karibu naye, wakapanda mlangoni mwa boti kwa kusukumana, wakaketi wawili, miguu ikining'inia.

"Kapteni," mzee aliita, "zamisha meli."

Kapteni Benjamini aliachia waya. Kule chini chuma kilishuka, na kamba ikakaza. Pua ya boti ikainama. Maji yakapanda mlangoni, yakafika mapajani mwao, na mkono wa Mudathiri ukakamata wa mpwa wake kama alivyoukamata kila alipomvusha mlango wa bahari akiwa mdogo. Aliitazama kamba. Kila kitu alichokijua kilimwambia aombe ishike. Nadhani aliomba ikatike.

Ikakatika. Boti likaruka, likazunguka mara moja, likachukuliwa na mkondo taratibu, wakiwa wameketi ndani yake kama bibi na bwana harusi, na gati zima likipiga vigelegele. Sadick ilibidi awafuate kwa mtumbwi, akilalamika kwamba wengine wanaokolewa na wengine wanapiga makasia.

Mudathiri hakubadilisha nguo. Alipanda *Mnazi Mrefu* akichuruzika, akaenda kwenye pipa la kwanza, akafungua fundo lake kwa vidole, akaenda la pili, akafungua. Kisha alimwambia Kidawa amwonyeshe polepole namna mkanda unavyopita. Aliuona haukukaza vya kutosha na alisema hivyo. Ukubwa wa mkanda ulikuwa umepangwa na kiwanda, Kidawa alimjibu, na haukuwa na mkia wa kuchomeka. Mzee alinung'unika hadi jua likazama, lakini hakugusa kitu.

Kesho yake wafanyakazi wa zamu walivuka.

Baada ya hapo kila meli iliyofunga gatini ilitembelewa na serahangi wa *Mnazi Mrefu*, asiyealikwa, akizunguka sitaha mikono nyuma na kuuliza kila alipokuta kamba nene juu ya pipa jeupe, "Nani kafunga hii?" Aliyejibu alipelekwa kwa Kidawa, wakati mwingine kwa kushikwa kiwiko. Walikuja wa Kilwa, wakaja wa Lindi, wakaja wa Mtwara na mapipa kwenye malori, hadi boti moja likijazwa upepo ghalani, fundi ilimbidi atoke nje apate pa kusimama.

Kidawa sasa anaishi Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, na karakana yake mpya, yenye nafasi kuliko ghala lile, iko kando ya barabara iendayo Mchinga.